Kuuzunguka Mlima Elgon: Barabara, Hema na Neno la Mwenyeji

Anayesimama juu ya daraja la Mto Nabuyonga mjini Mbale wakati wa kiangazi huona kijito tu. Maji hupita kimya kati ya mawe, na mtu asiyeujua mto huo aweza kujiuliza kwa nini ulijengewa daraja. Ni mto huu huu, pamoja na jirani yake Namatala, uliofurika usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 31 Julai 2022, ukaingia majumbani na kusomba watu na magari. Zaidi ya watu 20 walifariki, na miongoni mwao walikuwamo abiria wa basi dogo lililozolewa na maji. Mvua iliyoujaza haikunyesha mjini peke yake. Maji mengi yalishuka kutoka miteremko ya Wanale, ambayo watu waliolala Mbale usiku ule hawakuwa wakiiona wala kuifikiria.

Tumeanza na daraja hilo ingawa makala haya yanahusu jambo la furaha, yaani safari ya gari ya kuuzunguka Mlima Elgon kwa kupiga kambi njiani. Wasomaji wetu wa pande zote mbili za mpaka wameizoea barabara hiyo kwa shughuli zao: kahawa, mahindi, ng'ombe, harusi na matanga. Sasa wanaiona ikipitiwa pia na watu wasio na shughuli yoyote ila kutazama. Ziko familia kutoka Jinja na Kampala, wako vijana kutoka Kitale na Eldoret, na wako wageni wa nchi za mbali wenye hema juu ya paa la gari. Wengine ni watoto wetu wenyewe, waliokulia mjini na wanaokuja kuutazama mlima ambao babu zao waliulima.

Tunalotaka kulieleza ni kwamba katika mlima huu hatari humjia msafiri kutoka mahali asipopaona, na mara nyingi mtu pekee anayepaona ni mwenyeji. Kwa hiyo tunaandika kwa wote wawili, anayesafiri na anayepitiwa mlangoni.

Njia yenyewe

Anayetoka Jinja hufuata barabara kuu hadi Iganga, akaiacha Nakalama na kushika njia ya Tirinyi. Hupita Namutumba, akavuka kinamasi cha Mto Mpologoma chenye mashamba ya mpunga, kisha Budaka, mpaka aione Wanale imesimama mbele yake kama ukuta juu ya mji wa Mbale. Kutoka Mbale huelekea kaskazini kupitia Sironko hadi Muyembe, na hadi hapo ardhi ni tambarare. Baada ya Muyembe barabara hugeuka kulia na kuanza kupanda, na uwanda wa Bulambuli hubaki chini umetandazwa kama mkeka.

Juu ya mpando huo iko Sipi, mita 1,775 hivi kutoka usawa wa bahari, penye maporomoko matatu ya maji. Lililo refu zaidi hushuka karibu mita 100. Mbele yake ni Kapchorwa, kisha Kapkwata katika wilaya ya Kween, Bukwo, na hatimaye Mto Suam ambao ndio mpaka. Kipande cha Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, kilikuwa kwa miaka mingi ni barabara ya udongo ambayo malori yalizama ndani yake siku kadhaa mvua ikinyesha. Kimejengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na hicho ndicho kilichowaleta hawa wapya. Ng'ambo ya pili njia hupita Endebess hadi Kitale, ikashuka kusini kwa Kimilili na Chwele, ikavuka tena mpaka Lwakhakha, na kurejea Mbale kwa kupitia Bumbo na Bubulo. Ukienda kwa mpangilio huo, mlima utakuwa mkono wako wa kulia mwanzo hadi mwisho.

Tunasema mlima, lakini tukiri kwamba wengi huupanda bila kujua wameupanda. Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, hauna umbo la Kilimanjaro. Ni volkano kongwe yenye msingi mpana sana na miteremko inayopanda taratibu hadi Wagagai, kilele cha mita 4,321. Msafiri hupita migombani, kisha kwenye kahawa, kisha kwenye viazi na ngano, na hakuna mahali alipoambiwa kwamba ameingia mlimani. Lakini joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000 anazopanda. Aliyeondoka Mbale kwa shati jepesi atatetemeka Kapkwata usiku, na kutetemeka huko, kama tutakavyoeleza, ndiko kunakowafanya watu watende kosa baya zaidi la kambini.

Mteremko na breki

Katika kupanda, gari likishindwa, husimama. Maafa hutokea wakati wa kushuka, na sababu yake ni rahisi kueleza. Breki hulipunguza gari mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Mguu ukikaa juu ya breki muda wote wa mteremko wa Kapchorwa kuelekea Muyembe, joto hilo halipati nafasi ya kutoka. Breki huchemka, harufu ya kuungua husikika, na dereva hukanyaga akahisi kanyagio linazama bila kushika kitu. Tiba yake ni ile ya madereva wa zamani wa malori: shuka kwa gia uliyopandia. Gia ndogo huifanya injini yenyewe ilizuie gari, na breki hubaki baridi kwa ajili ya kona na dharura. Ukisikia harufu ile, tafuta mahali papana, simama, ongoja nusu saa, na usimwage maji juu ya breki zenye moto kwani chuma chake chaweza kupasuka.

Iko desturi nyingine ambayo lazima tuitaje kwa sababu hufanywa na watu wetu wenyewe, hasa waendesha bodaboda na baadhi ya madereva wa teksi. Ni kuzima injini na kuliacha gari liteleze ili kuokoa mafuta. Katika magari mengi injini ikizimwa, breki huwa nzito baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, na usukani nao huwa mzito. Bei ya mafuta tunaijua, nasi tunainunua kama ninyi. Lakini kinachookolewa katika mteremko ule hakitoshi hata kununua chai ya watu wawili.

Ukungu huja alasiri na usiku. Katika ukungu taa za juu humpofusha anayeziwasha, hivyo tumia za chini, na usimame nje kabisa ya barabara, kamwe si kwenye kona. Kwa maoni yetu, msafiri wa starehe hana sababu yoyote ya kuendesha gari mlimani baada ya saa moja jioni. Panga siku yako ili saa kumi uwe umeanza kutafuta mahali pa kulala.

Jambo moja zaidi kuhusu barabara, kisha tuendelee. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili Wagisu hufanya imbalu, jando lao, na uzinduzi wake hufanyika Mutoto, nje kidogo ya Mbale, mwezi wa Agosti. Ndugu zao Wabukusu ng'ambo ya mpaka hutahiri pia katika miaka hiyo hiyo. Katika majira hayo msafiri atakutana na umati ukicheza barabarani, kijana amepakwa unga, ngoma na filimbi nyuma yake. Zima injini, ngoja wapite. Usipige honi, usijipenyeze katikati, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Ugomvi mwingi wa barabarani katika majira hayo huanza na dereva aliyedhani kwamba umati ule unamchelewesha kwa makusudi.

Mahali pa hema

Mgeni huchagua mahali kwa macho. Hupenda palipo tambarare, karibu na maji, penye nyasi laini na mandhari nzuri. Bahati mbaya ni kwamba katika miteremko ya Elgon mahali penye sifa hizo zote pamoja mara nyingi ni pale ambapo mto hulala ukifurika, au pale ambapo udongo ulioporomoka zamani ulikuja ukatulia. Utambarare huo ulitengenezwa na kitu, na kitu hicho chaweza kurudi.

Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia makazi na watu zaidi ya 100. Tarehe 11 Oktoba 2018, katika eneo la Bukalasi wilayani humo humo, mto ulishuka ukiwa umebeba matope na mawe makubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 27 Novemba 2024 maafa yalihamia Bulambuli, vijiji vikafunikwa, na wengi hawakupatikana. Tukiongeza mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai, msomaji ataona kwamba kalenda si kinga. Miongozo ya watalii husema Julai ni mwezi mkavu na mwanzo wa Machi vilevile. Mlima haujaisoma.

Kwa nini udongo huu huporomoka? Ni udongo wa volkano wenye mfinyanzi mwingi, mzito na wenye rutuba, umelala juu ya mwamba kwenye mteremko mkali. Mvua ndefu huujaza maji mpaka ukawa mzito kuliko unavyoweza kujishikilia, na maji yakifika kwenye mwamba huufanya utelezi. Mizizi ya miti mikubwa ilikuwa ikiushona udongo na mwamba pamoja. Palipokatwa miti na kuchimbwa mteremko kwa ajili ya nyumba au shamba, ushonaji huo umefumuka. Hatusemi haya kuwalaumu waliolima. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Tunasema ili mgeni aelewe kwamba mteremko wa kijani kibichi usio na mti hata mmoja si mahali pa kulala chini yake.

Zipo dalili ambazo wenyeji huzijua na ambazo mgeni hana budi kuzijifunza. Nyufa mpya ardhini juu ya mteremko. Miti au nguzo zilizoanza kuinama upande mmoja. Mlango wa nyumba uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unakwama. Chemchemi mpya mahali pasipokuwa na maji, au chemchemi ya zamani iliyogeuka kuwa matope. Kando ya mto, tazama matawi ya vichaka. Nyasi kavu na matambara yaliyonasa juu yake yanaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho, na hema lako linapaswa kuwa juu sana ya alama hiyo. Na dalili inayowadanganya wengi ni ukimya. Mto uliokuwa ukivuma ukinyamaza ghafla huku mvua ikinyesha huko juu, usifurahi kwamba unapungua. Huenda udongo umeuziba, na maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi ambacho hakitadumu. Acha hema, acha sufuria, amsha watoto na mpande pembeni, mkiuacha mkondo wa mto. Msikimbie kushuka nao.

Vivyo hivyo kwa dereva anayekuta maji yamepita juu ya barabara au daraja. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yaweza kuinua gari dogo na kuliondoa njiani. Yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenyewe huyaita ya milimani. Tena chini ya maji hayo ya kahawia huwezi kujua kama lami bado ipo. Mara nyingi maji ya ghafla hupungua baada ya saa chache, ngoja.

Sasa lile kosa la baridi. Msafiri ametetemeka, watoto wanalia, nje kuna mvua, na sigiri iliyopikia chai bado ina makaa mekundu. Anaiingiza ndani ya hema na kufunga zipu. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Damu huipokea gesi hiyo kwa urahisi zaidi ya mara 200 kuliko inavyopokea oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku akipumua vizuri. Kichwa huuma kidogo, usingizi mzito humshika, na hapo ndipo huishia. Kutoweka moshi si dalili ya usalama, kwa kuwa makaa yaliyokolea bila moshi ndiyo hatari zaidi. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani ya hema, na injini ya gari isiachwe ikinguruma ili kupasha joto wanaolala ndani yake. Joto la usiku litoke kwenye blanketi, soksi, kofia ya sufu na mkeka mnene chini ya mgongo, kwa maana baridi ya ardhi hupenya kuliko ya hewa. Na wenyeji, mkiwaona wageni wakibeba sigiri kuingia hemani, msione haya kuwaambia. Onyo hili mjiambie na ninyi wenyewe, kwani vyumba vyetu vya kupanga madirisha yake huzibwa kwa magunia majira ya baridi.

Anayependa mahali palipokwisha kuchaguliwa na watu wanaoujua mlima anayo nafasi. Sipi pana nyumba za wageni na viwanja vya kambi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, mambo yote husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori, yenye vituo kama Kapkwai na Kapkwata, na upande wa Kenya Shirika la Wanyamapori lina kambi zake karibu na lango la Chorlim. Huko mtu hulipa kiingilio na hupanda na askari wa hifadhi, si kwa hiari yake bali kwa sheria. Ulinzi huo si wa nyati na tembo tu. Mpaka wa nchi hupita juu ya mlima bila ukuta wala waya, na anayepotea katika ukungu aweza kujikuta nchi ya pili bila muhuri. Kuhusu mapango, ingia na kiongozi, na usiguse popo wala kinyesi chake. Pango la Kitum, upande wa Kenya, ambalo tembo huingia kuchimba chumvi kwa pembe zao, linakumbukwa na madaktari kwa wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, ambao wote walikuwa wamelitembelea.

Kubisha hodi kabla ya giza

Nje ya viwanja hivyo ardhi yote ina mwenyewe, hata ile inayoonekana kama malisho matupu. Kupiga kambi juu yake bila kuuliza ni kuingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani. Utaratibu tunaoupendekeza haugharimu kitu. Msafiri akishapata mahali, amtafute mwenye shamba, kisha wote wawili waende kwa mwenyekiti wa LC ya kwanza. Upande wa Kenya waende kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Aseme majina, idadi ya watu, namba ya gari, wanakotoka, wanakokwenda na siku ya kuondoka. Mwenyekiti ayaandike hayo katika daftari lake na, ikiwezekana, akijulishe kituo cha polisi kilicho karibu. Yote haya yafanyike jua likiwa bado juu.

Tunasisitiza saa kwa sababu vijiji vya mpakani vina kumbukumbu. Katika nyanda za chini za Sebei na Bulambuli watu wamewahi kuamshwa na milio ya bunduki za wezi wa ng'ombe, na bado kuna wanaume wanaolala sikio moja likiwa zizini. Katika kijiji cha namna hiyo, mwanga wa tochi usiku wa manane penye nyasi karibu na mifugo una maana moja tu. Kengele hupigwa, vijana hutoka na rungu, na kijana wa Jinja aliyekuwa akitafuta mahali pa kujisaidia hana muda wa kueleza kwamba amekuja kutazama maporomoko. Mgeni aliyejulishwa saa kumi na moja jioni ni mgeni wa kijiji kizima. Aliyegunduliwa saa saba usiku ni mshukiwa. Nasi tuwakumbushe vijana wetu kwamba hata mshukiwa wa kweli hukamatwa na kukabidhiwa polisi akiwa hai. Anayempiga hadi kufa atashtakiwa kwa kuua, na kengele haitakuwa utetezi wake mahakamani.

Lakini kubisha hodi kuna faida kubwa zaidi ya hiyo, na hapa tunazungumza na wenyeji. Mgeni akija kuomba mahali, adabu yetu hutuelekeza kukubali na kutabasamu. Ameonyesha bonde lile kando ya kijito, naye amesema linapendeza, na sisi tunajua kwamba mwaka juzi maji yalifika kwenye mti ule. Tunanyamaza kwa sababu kumkatalia mgeni ni aibu, au kwa sababu gari lake ni kubwa na tunadhani anajua, au kwa sababu amekwisha kulipa. Tafadhali semeni. Mwambieni, "Hapo maji hufika. Njoo ulale karibu na shule." Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone, katika mlima huu mara nyingi ni mwenyeji anayemponya mgeni, kwa sentensi moja tu. Na malipo ya kulaza hema yajadiliwe mapema na mwenye shamba, mbele ya mwenyekiti, yasiongezwe asubuhi hema likiwa linakunjwa. Malalamiko ya namna hiyo yakifika kituoni huwa madogo kwa fedha na makubwa kwa jina la kijiji.

Mpakani

Msafiri wa kuuzunguka mlima huvuka mpaka mara mbili, Suam na Lwakhakha. Raia wa Uganda na wa Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza mwaka 2014 pamoja na Rwanda, mradi wapite kwa ofisi ya uhamiaji na kuandikishwa. Mgeni wa nje ya eneo letu achunguze viza yake kabla ya kuondoka Mbale au Kitale. Ile ya pamoja ya Uganda, Kenya na Rwanda humruhusu kuingia na kutoka ndani ya siku 90. Gari lina karatasi zake: kadi ya umiliki au barua ya mwenye gari, kibali cha muda cha forodha, na bima inayotambulika nchi ya pili, ambayo watu huiita kadi ya njano ya COMESA. Uliza mapema saa za kufungwa kwa kituo. Si vituo vyote vinavyokesha kama Malaba na Busia, na kulala ndani ya gari penye lango la mpaka si kambi.

Njia za panya ni nyingi na hatuwezi kujifanya hatuzijui. Wagisu na Wabukusu, Wasabiny na Wasabaot ni ndugu waliotenganishwa na mstari, na kwenda kumwona shangazi ng'ambo ya kijito ni jambo la kila siku. Wazee wanaikumbuka pia Chepkube, katika Bungoma, ambako kuanzia mwaka 1976, bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya jalidi kuharibu mashamba ya Brazili, kahawa ya Uganda ilivuka usiku juu ya punda na migongo ya watu, na magendo yakajenga nyumba za bati na kuvunja nyingine. Njia hizo hazijafutika, nazo hutazamwa na maafisa wa nchi zote mbili. Mtalii anayezifuata kwa sababu zina mandhari nzuri, akiwa na mkoba mkubwa mgongoni, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Mwenyeji anayemwongoza kwa malipo atakuwa na marefu zaidi.

Mwisho, simu. Namba 999 na 112 hutumika Uganda na hutumika Kenya. Lakini karibu na mpaka simu hushika mtandao wa nchi ya pili bila kuombwa, na anayepokea aweza kuwa upande usio wako. Kwa hiyo neno la kwanza liwe nchi uliyopo, la pili liwe wilaya au kaunti, kisha jina la kituo cha biashara, shule au kanisa lililo karibu, na kama uko juu au chini ya barabara. "Tuko Elgon" haimsaidii mtu yeyote. Haya yote msafiri huyapata kwa mwenyekiti yule yule aliyemwandika jioni, na ni vyema kuyaandika kwenye karatasi, kwa maana betri ya simu huisha haraka katika baridi.

Asubuhi, zima moto kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi, chukua takataka zako zote hadi mjini, na kabla ya kuwasha gari pita tena kwa mwenyekiti umuage. Akipita baadaye pale nyasini akakuta hema halipo na hajaambiwa, mvua ikiwa imenyesha usiku, atatuma vijana washuke mtoni kukutafuta.